Hizo jioni ninazokaa na jiwe sijazipoteza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nimjibu yule msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba watu wazima wanaokaa jioni nzima wanachonga vitu kwa mkono, vitu ambavyo mashine inavitoa kwa dakika mbili, wanapoteza muda ambao wangeufanyia mambo ya maana. Sikumjibu siku ile ile maana nilikuwa na hasira na mi huwa siandiki nikiwa na hasira, nikaenda kukaa na jiwe langu kwanza, saivi nimetulia ndo naandika. Hakututaja sisi wakata mawe ya vito lakini nilijiona mle ndani kabisa, kwasababu huu ni mwaka wa sita jioni zangu nyingi zinaishia hapo, kwenye diski na maji na kipande cha jiwe kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Alafu kuna jambo lingine na hili ni la gazeti lenyewe, naomba usinielewe vibaya Mhariri maana nalisoma kila wiki tangu siku nyingi. Mawe ya vito yakiandikwa humu yanaandikwa kama mali tu. Nani kapata kubwa, lina kilo ngapi, kaliuza wapi. Sawa, hizo ni habari na watu wanataka kujua. Ila sijawahi kusoma hata siku moja habari ya mtu anayelikata hilo jiwe, anakaa vipi, anasikia nini, kwanini kesho anarudi tena. Basi leo niandike mimi.

Kazi yangu ya mchana ni kupokea simu za wateja. Mtu akipiga anakuwa ameshakasirika tayari, hakuna anayepiga kusema leo kila kitu kiko sawa, na mimi natakiwa niwe mpole, niombe radhi kwa kosa nisilolifanya, nikikata naanza upya na mwingine. Hedifoni naivaa asubuhi naivua jioni. Ikafika wakati nikirudi nyumbani masikio bado yanaita, mtu akiniita kutoka chumba cha pili nashtuka kama nimepigwa, na usingizi ukawa hauji kabisa. Nilijaribu kutembea, nikajaribu kuangalia filamu, nikajaribu kukaa kimya tu kama wanavyoshauri watu. Kukaa kimya ndo ilikuwa mbaya kuliko yote, kichwa kikikosa cha kufanya kinaanza kurudia maneno ya mchana, moja moja, na sauti zake.

Sasa siku moja nikapeleka pete ya mama kwa mzee mmoja sonara, jiwe lilikuwa limelegea linataka kuanguka. Akaniambia nisubiri amalize alichokishika. Alikuwa anasugua jiwe kwenye gurudumu linalodondokewa na maji, mgongo umeinama kidogo, hasemi kitu. Nikakaa. Kumbe nimekaa karibu saa nzima na sijafikiria simu hata moja. Nikamuuliza kama naweza kuja tena kesho kuangalia tu, akanijibu, "Kuangalia utachoka mwanangu, njoo ushike."

Nikashika. Jiwe langu la kwanza lilikuwa akiki, na nashukuru alinianzishia hilo kwasababu akiki kwa nje haina lolote, ni kokoto la kijivu lenye magamba ambalo ungelipiga teke njiani na kuendelea na safari. Lakini lile kokoto lilizaliwa ndani ya tundu la hewa kwenye lava iliyopoa, maji yenye silika, ile iliyomo kwenye mchanga, yakawa yanapenya mle kidogo kidogo na kuacha tabaka juu ya tabaka, mengine meupe mengine mekundu, kwa muda mrefu ambao kichwa changu hakiwezi kuushika, mpaka tundu likajaa. Ukilipasua kwa msumeno wenye bledi ya almasi ndo unaikuta mistari, imejipinda inafuatana kama ramani ya milima. Na hakuna mtu aliyewahi kuiona kabla yako. Mzee alinigeuzia kile kipande akakaa kimya anaangalia uso wangu, nadhani alikuwa anasubiri kuona nitafanyaje, na mi sikufanya kitu, nilikitazama tu mpaka kikakauka.

Naomba nieleze hatua zake kidogo maana humo kwenye hatua ndo kuna jibu langu lote. Unakata kipande bapa, unachora umbo unalotaka kwa kijiti cha aluminiamu kilichochongwa ncha, kalamu ya wino haifai maji yanaifuta. Unapunguza pembeni. Unalibandika kwenye kijiti cha mbao kwa nta ngumu ile ya kama lakiri, na jiwe lenyewe linapashwa moto taratibu kwanza la sivyo halishiki. Alafu unaanza kusugua kwenye diski za punje za kusagia, namba ikiwa ndogo punje ni kubwa, unaanza na namba 80 ambayo inakula jiwe kwelikweli, kisha 220, kisha 600, 1200, 3000, na mwisho polishi. Lile umbo la mgongo wa mviringo chini bapa linaitwa kaboshoni na ndo kila mtu anaanzia hapo.

Namba 80 inaacha mikwaruzo mirefu, hiyo haiepukiki. Namba 220 haijaja kulipendezesha jiwe, imekuja kuifuta mikwaruzo ya 80 na kuweka ya kwake iliyo midogo zaidi, na 600 inakuja kufuta ya 220, hivo hivo mpaka mwisho ambapo mikwaruzo inakuwa midogo kiasi kwamba jicho haliioni tena na hapo ndo tunasema limeng'aa. Ukiacha mkwaruzo mmoja tu wa 80 ukakimbilia mbele, ule mkwaruzo utakaa kimya njia nzima, hutauona kwenye 600, hutauona kwenye 1200, utakuja kuuona kwenye polishi unakutazama, na dawa yake ni moja, kurudi mwanzo. Na jiwe likiwa limelowa linadanganya, maji yanajaza mikwaruzo yote linaonekana limeshapendeza. Inabidi ulifute likauke uliinamishe kwenye taa. Nilirudi mwanzo mara nne kwenye lile akiki la kwanza. Mara ya nne nilikuwa karibu kulia, na mzee akaniambia maneno ambayo mpaka leo nikiwa kazini nayakumbuka: "Wacha kulibonyeza, lenyewe litakuja."

Nilikuwa nalibonyeza kweli, mabega yamepanda juu mpaka masikioni, vidole vyeupe. Nilipolegeza mkono ndo likaanza kukubali.

Sasa kuhusu masikio. Nilidhani nimepata kazi ya macho, kumbe ni ya masikio pia. Diski inapokula jiwe ina sauti ya kukwaruza, unaisikia mpaka kwenye mifupa ya mkono, na kadri uso unavyonyooka na kugusa wote kwa pamoja ile sauti inabadilika, inapungua ukali, inakuwa kama mtu anapitisha kiganja kwenye kitambaa, na ukishazoea unajua imetosha kabla hujalitoa kuliangalia. Kukitokea punje moja ngeni kwenye diski, punje kubwa imechanganyika na ndogo, unaisikia hapo hapo. Mimi ambaye masikio yangu yalikuwa yamegeuka kidonda, nikajikuta nayatumia tena kwa kitu kisichonigombeza. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo, ila wanaofanya kazi za simu kama mimi, na walimu wa madarasa yaliyojaa, na manesi wa wodini, nadhani mtanielewa haraka.

Baada ya mwaka na kitu nikaingia kwenye ukataji wa nyuso, zile nyuso bapa nyingi ndogo ndogo unazoziona kwenye jiwe la pete linalometa. Hapa kuna mashine yenye mkono unaoshika jiwe, kipimo cha nyuzi za mwinamo, na gia ya kugeuzia, ya kwangu ina meno 96. Unachagua jino, unachagua nyuzi, unashusha jiwe kwenye diski inayozunguka, unahesabu, unainua, unaangalia, unakwenda jino lingine. Uso mmoja, mwingine, mwingine, na zote zinatakiwa zikutane kwenye nukta moja. Zikipishana kidogo tu jicho linaona. Kichwa kinachohesabu meno ya gia hakina nafasi ya kurudia maneno ya mteja wa saa nne asubuhi, hakina kabisa.

Na hapa ndo nilijifunza jambo ambalo ningependa gazeti lilijue. Jiwe langu la kwanza la nyuso lilikuwa amethisto, ile kwatsi (jiwe la silika lenye fuwele) ya zambarau, rangi yake inatokana na chuma kidogo kilichomo ndani pamoja na mionzi ya asili iliyolipiga likiwa ardhini. Lilikuwa zuri sana nikalionea huruma, nikasema silipunguzi, nikakata nyuso za chini kwa nyuzi 38 ili jiwe libaki pana na kubwa. Nikalipolishi siku tatu. Nikaligeuza nikalitazama kwa juu, katikati pakawa pameoza. Hakuna kitu. Naona kidole changu upande wa pili kama natazama kwenye kioo cha dirisha, na ndivyo tunavyoita hilo kosa, dirisha.

Sababu yake ni hii. Mwanga ukiingia kwa juu unakwenda kugonga nyuso za chini, na ukizigonga kwa mwinamo unaofaa unarudishwa ndani, unagonga upande wa pili, unarudi juu mpaka kwenye jicho lako. Nyuso za chini zikilala kupita kiasi mwanga unapenya chini unatoka unapotea. Kwa kwatsi mpaka wa mwinamo huo ni kama nyuzi 40 na nusu, kwahiyo wakataji wengi chini wanakwenda 42 au 43. Yakuti inapinda mwanga zaidi, mpaka wake ni karibu 35, na almasi karibu 24, ndo maana almasi inawaka vile. Kijana mmoja wa Kibelgiji wa ukoo wa wakata almasi, Marcel Tolkowsky, alikaa akayapigia hesabu mambo haya kwa ajili ya almasi ya mviringo akayachapisha mwaka 1919, na mpaka leo wakataji wanaanzia kwenye namba zake. Nyuzi mbili tatu tu, Mhariri. Hizo ndo zilizoliua jiwe langu.

Mzee alilitazama akasema, "Umetunza uzito umetupa mwanga." Hakunigombeza. Nikalikata upya, likatoka dogo sana, na likawaka.

Ndo maana nikisoma habari ya jiwe la kilo kadhaa huwa najiuliza litakuwaje likifika mezani, kwasababu mkataji kitu cha kwanza anachokubali ni kwamba zaidi ya nusu ya jiwe itakwenda na maji. Ule uzito mnaouandika kwenye kichwa cha habari sisi ndo tunaoumwaga. Na kuumwaga kwenyewe kunafundisha mkono kuachia, mi nilikuwa mtu wa kushikilia kila kitu, hata makosa ya miaka kumi iliyopita nilikuwa nimeyatunza.

Kuna kosa lingine naomba nilitaje kwasababu linawapata wengi. Lile jiwe la kahawia lenye mstari wa mwanga unaotembea ukiligeuza, wengi wanaliita taiga ai. Ule mstari unatokana na nyuzinyuzi nyembamba sana zilizolala ndani kwa mwelekeo mmoja, mwanga unapita juu yake unarudi kama mstari. Mgongo wa jiwe lazima ukatwe sambamba na hizo nyuzinyuzi. Mi nililikata kwa kuzikatiza, nikafanya kila hatua kwa usahihi, mikwaruzo yote nikafuta, na nilipomaliza lilikuwa jiwe la kahawia tu, halina jicho, halitembei. Mwezi mzima sikutaka kuligusa taiga ai lingine. Saivi kabla sijawasha msumeno nakaa na jiwe bichi hata siku mbili, naligeuza kwenye taa, nalilowesha, naligeuza tena. Tanzanaiti nayo iko hivo kwa namna yake, jiwe lililojulikana kwa ulimwengu mwaka 1967 kule Merelani, ukilitazama huku ni bluu, ukiligeuza ni zambarau, na likiwa halijapitishwa kwenye moto upande wa tatu lina wekundu wa kahawia, kwahiyo mkataji ndo anaamua uso utakaotazama juu utakuwa na rangi ipi. Nalo ni laini kuliko kwatsi na linapasuka kirahisi, linataka mkono wa mtu aliyelala vizuri. Sijawahi kulikata, natamani tu.

Ugumu wa mawe una kipimo chake pia, kile alichokitengeneza Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, ulanga ni 1 na almasi ni 10, kwatsi inakaa kwenye 7, topazi 8, yakuti 9. Nimekitaja kwasababu anayeanza anatakiwa aanze na kwatsi na ndugu zake akiki, ni ngumu ya kutosha kushika polishi na haina hasira, haipasuki ovyo.

Upande wa fedha nitapita haraka kidogo, nao una raha zake lakini mi roho yangu iko kwenye jiwe. Fedha ya vito ni fedha asilimia 92.5 na iliyobaki kwa kawaida ni shaba, maana fedha tupu ni laini mno. Ukiigonga au kuikunja inakuwa ngumu, unaipasha moto mpaka inawaka wekundu hafifu unaouona tu kama taa umezima, inalainika tena, unaendelea. Kuna sekunde moja tu ninayoipenda kuliko zote kwenye kazi ya fedha nayo ni ile lehemu inapoyeyuka. Umeunganisha kiukingo cha kushikilia jiwe, umepaka boraksi inayosaidia lehemu itiririke, unazungusha moto kwenye kipande chote, sio kwenye lehemu yenyewe kwasababu lehemu inakimbilia kwenye joto, na unasubiri, hakuna kinachotokea, unasubiri, alafu ghafla mstari mweupe unaruka kuzunguka kiungo chote kama maji na umeisha. Ukichelewa kuondoa moto hapo kipande kizima kinaporomoka, fedha hiyo inayeyuka kwenye nyuzi joto 890 na kitu za Selsiasi. Sijawahi kufikiria jambo lingine lolote katika ile sekunde. Na mkianza, koleo la chuma msiliingize kwenye asidi ya kusafishia, shaba itakuja kuganda juu ya fedha yenu iwe nyekundu, tumieni la shaba au la mbao. Mi niliharibu hereni mbili kabla ya kujua.

Alafu ule ukingo unausukuma taratibu juu ya jiwe, pande zinazotazamana kwanza, juu chini, kushoto kulia, mpaka fedha inalikumbatia. Nimewahi kulipasua jiwe hapo mwishoni kabisa, wiki mbili za kazi, sauti ndogo tu tik. Nilikaa palepale bila kusogea. Na kitu nilichokigundua, nikilinganisha na mimi wa zamani, ni kwamba nililala usiku ule. Nilihuzunika na nikalala. Zamani nisingeweza hayo mawili kwa pamoja.

Sasa nirudi kwa msomaji mwenzangu, naomba nimwite ndugu. Ndugu, ulisema mashine inafanya kwa dakika. Ni kweli na vito vya mashine vinapendeza, sina ugomvi navyo. Lakini kwenye pango la Blombos kule Afrika Kusini wamekuta vikonokono vidogo vya miaka 75,000 hivi vimetobolewa, na vina alama za kusuguana kwa kuvaliwa kwenye uzi. Watu wale walikuwa na wanyama wakali, hawakuwa na hata chungu, na bado mtu alikaa chini akatoboa kikonokono, akachukua kingine, akatoboa. Mawe ya buluu ya lapis lazuli yaliyo kwenye barakoa ya mfalme Tutankhamun yalitoka milima ya Badakhshan, Afghanistan, yakasafirishwa mpaka Misri miaka zaidi ya 3,300 iliyopita. Mtu alilibeba jiwe umbali wote ule na mtu mwingine akaketi akalikata lienee mahali pake. Mi naamini yule aliyeketi alipata kitu zaidi ya ujira, siwezi kuthibitisha ila mikono yangu inaniambia hivo kila nikishika kipande cha buluu.

Ulisema mambo ya maana. Mama yangu anasema nimerudi kuwa mtu wa kuongea naye. Kazini napokea simu zile zile, wateja hawajabadilika, ila mtu akinifokea saivi nasikia kama namba 80 inapita, najua nyuma yake kuna 220. Nisamehe kwa mfano huo lakini ndo ninavyoishi.

Kuna jambo moja naomba ulichape hata kama utafupisha barua yangu, Mhariri, tafadhali hili usilikate. Ni vumbi. Akiki, kwatsi, amethisto, taiga ai, vyote ni silika, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki, linaacha makovu, ugonjwa unaitwa silikosisi na hauna tiba ya kuuondoa. Unakuja taratibu, mtu anadhani ni kifua tu. Kule Idar-Oberstein Ujerumani, mji uliokata akiki kwa mamia ya miaka, mafundi walikuwa wanalala kifudifudi juu ya viti vya mbao wanasukuma jiwe kwa nguvu ya mwili kwenye magurudumu makubwa ya mawe yaliyozungushwa na maji ya mto, kazi zao zilisifika dunia nzima na wengi wao vifua viliharibika. Na si mambo ya zamani tu. Australia imepiga marufuku kutumia mawe ya kutengenezwa ya kaunta za jikoni kuanzia Julai 2024 kwasababu vijana waliokuwa wanayakata walikuwa wanaugua silikosisi.

Kwahiyo usikate jiwe kavu, hata kidogo, hata mara moja tu. Maji yadondoke muda wote. Vaa maski ya kuzuia vumbi laini, ile ya kitambaa haitoshi. Matope ya jiwe yasikaukie sakafuni ukaja kuyafagia, yafute yakiwa mabichi, nguo za kazi usiingie nazo chumbani. Malakaiti lile la kijani lina shaba ndani yake, hilo ndo kabisa, anayeanza aliache. Nasema kwa ukali kwasababu nimeona video za vijana wanasaga akiki kavu kwa grainda, vumbi jeupe usoni, wanacheka, na watu wanapongeza. Moyo uliniuma sana. Mimi napata utulivu kwenye hii kazi, nisingependa mtu aifuate kwa maneno yangu alafu akapoteza pumzi.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Kwenye zile kurasa za mwisho wa wiki, mara moja moja, mtafute fundi mmoja, mkata mawe au sonara au mtoboa shanga, mwandishi akae naye siku nzima bila kumuuliza jiwe hili thamani yake nini. Amuulize anajuaje kwamba limekamilika. Kila fundi atajibu tofauti na nina hakika wasomaji wataisoma mpaka mwisho. Mzee wangu mi niliwahi kumuuliza, akalifuta jiwe kwa kitambaa, akaliinamisha kwenye taa, akalitazama muda mrefu, akanipa mimi nilitazame, hakusema kitu.

Mezani kwangu leo kuna amethisto nyingine, ya dada yangu, atavaa kama kidani. Chini nimemaliza, nimekata nyuzi 43. Juu zimebaki nyuso saba kwenye polishi na saivi ni saa mbili usiku, maji yako kwenye chupa yake, naona nitafikisha nne kabla sijalala.

Wako msomaji,
Mkata mawe wa jioni